Sentauri si nusu kwa nusu

NJIA ya mkato ya kumweleza mtu sentauri ni nini ni kusema: "nusu mtu, nusu farasi." Nimeikuta fasili hiyo kwenye daftari za wanafunzi na nimeisikia vinywani mwa walimu. Kwa juujuu haina kasoro. Kutoka kichwani hadi kitovuni ni mtu. Kutoka hapo kwenda nyuma ni farasi, miguu minne na mkia juu. Mjadala umekwisha, twende kwa kiumbe mwingine.

Mimi naona haujaanza. "Nusu" ni neno la hesabu, na hesabu hiyo wafinyanzi, wachongaji na wachoraji wa Ugiriki ya kale hawakuikubali. Waliuhamisha mpaka baina ya mtu na farasi kila walipotaka. Mara wameuweka kiunoni, mara wameusukuma hadi nyuma ya makalio, na mmoja wao (nitamfikia) aliufuta usionekane. Pale ulipowekwa mpaka ndipo penye maana ya kazi yenyewe. Mhakiki anayeanza na "nusu kwa nusu" amejinyima jambo la kwanza alilopaswa kulitazama.

Chukua mmoja wa sentauri wakongwe kabisa waliowahi kupatikana. Ni sanamu ya udongo, kimo chake sentimita 36 hivi, iliyofinyangwa yapata mwaka 900 KK na kufukuliwa Lefkandi katika kisiwa cha Euboea. Wachimbuaji waliikuta katika makaburi mawili: kichwa huku, kiwiliwili kule. Sasa tazama miguu yake ya mbele. Ina magoti ya binadamu. Mfinyanzi alianza na mtu mzima, miguu na yote, kisha akamfungia kiwiliwili cha farasi kwa nyuma kama trela nyuma ya lori. Hapo nusu iko wapi?

Na kwenye goti moja kuna mkato uliotiwa makusudi kabla udongo haujachomwa. Wataalamu wengi huuhusisha na Chiron, sentauri aliyechomwa gotini kwa bahati mbaya na mshale wa sumu wa Heracles, rafiki yake. Kama wamepatia, basi katika mwanzo kabisa wa sanaa hii hatumkuti mlevi wala mbakaji. Tunamkuta mwalimu aliyejeruhiwa.

Hoja hii inakaa vizuri zaidi kwenye chombo kimoja maarufu kilichoko katika makumbusho ya Florence, Italia. Kinaitwa Vase ya François, kwa jina la aliyekifukua karibu na Chiusi katika miaka ya 1844 na 1845. Ni chombo cha kuchanganyia divai, kilichofinyangwa na Ergotimos na kuchorwa na Kleitias yapata mwaka 570 KK. (Mwaka 1900 mlinzi wa makumbusho alikasirika akakipiga kwa kigoda kikawa vipande 638. Kiliunganishwa tena, lakini ukiniuliza, hicho nacho ni kisa cha kisentauri.) Shingoni mwa chombo kuna vita kati ya sentauri na watu waitwao Walapithi. Sentauri hao wako uchi, wana kwato mbele na nyuma. Shuka chini kidogo, kwenye maandamano ya wageni wanaokwenda harusi ya Peleus na Thetis. Anayeongoza ni Chiron. Amevaa nguo. Miguu yake ya mbele ni ya mtu, na begani amebeba tawi lililoning'inizwa windo, zawadi ya kupeleka arusini kama mgeni mwenye adabu zake.

Mchoraji ni yule yule, chombo ni kile kile, brashi ni ile ile. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba Kleitias hakujua sentauri "sahihi" anafananaje. Alijua. Aliwachora wa aina mbili kwa sababu alikuwa na hukumu mbili.

Tena Kleitias aliandika majina. Chombo hicho kimejaa maandishi, zaidi ya 120, na sentauri wa vitani wametajwa mmoja mmoja: Petraios, yaani wa mwambani, Hylaios, wa msituni, Asbolos, wa masizi. Sisi tunaoishi na lugha tunalijua jambo hili: jina la mtu linaweza kuwa salamu au linaweza kuwa tusi. Haya ni majina ya mahali na ya uchafu. Aliyeyatunga hakuwa anaita wenzake. Alikuwa anawafukuzia porini.

Basi tukiacha "nusu mtu, nusu farasi", tuseme nini? Wako wanaopendekeza "chotara". Nalikataa. Chotara ni kama chai ya maziwa: ukishachanganya, huwezi kuonyesha kidole palipo maji na palipo maziwa. Mfano wa chotara katika wanyama ni baghala, mtoto wa punda na farasi, ambaye kila unywele wake ni wa pande zote mbili. Sentauri si hivyo. Kwake mtu amebaki mtu na farasi amebaki farasi, vimegusana tu. Baghala ni mchanganyiko. Sentauri ni kiungo. Nashauri tuseme wazi: "kiumbe mwenye kiwiliwili cha mtu kilichoungana na cha farasi." Ni refu, najua. Lakini halidanganyi.

Kuhusu jina lenyewe, "sentauri" limetujia kwa mkondo wa Kiingereza, na silioni kuwa na dhambi. Ila Kiswahili kilikuwa na jina lingine mapema zaidi, na kililipata baharini. Nyota angavu iliyoko upande wa kusini, ambayo wanafalaki huiita Alpha Centauri, mabaharia wa pwani waliijua kwa jina la Rijili Kantori. Ni Kiarabu: rijl ni mguu, na Qanturus ni sentauri, kutoka kwa Wagiriki. Nahodha aliyeitazama nyota ile akielekea Lamu alikuwa anaulenga mguu wa mbele wa sentauri, ajue asijue.

Sarufi yetu nayo ina neno la kusema hapa. Katika Kiswahili mtu amelala, farasi amelala, hata mbu amelala. Ngeli ya A-WA haiulizi una miguu mingapi; inauliza kama unapumua. Kwa hiyo sentauri hatusumbui hata kidogo: amelewa, ameanguka, amefundisha, amekufa. Ndiyo maana hunikera kusoma "kiumbe hicho kilivamia harusi". Kwa nini "kilivamia"? Huyo aliyeandika amemnyang'anya sentauri pumzi kwa kiambishi kimoja, na amefanya hivyo kabla hajatupa ushahidi wowote.

Wagiriki hawakuwa na wepesi huu. Homer, anapowagusia katika Iliad, anamfanya Nestor awaite kwa neno lenye maana ya mahayawani, mahayawani wa milimani. Lakini Homer huyo huyo hataji mahali popote kwamba wana mwili wa farasi. Na katika kitabu cha 11 cha Iliad, askari aliyechomwa mshale anapoomba dawa, anaomba zile ambazo Achilles alifundishwa na Chiron, na Chiron anasifiwa kuwa ndiye mwadilifu kuliko sentauri wote. Hebu fikiri. Katika shairi hilo hilo, kabila moja linaitwa mahayawani, na mmoja wao ni mwalimu wa tiba kwa shujaa mkuu wa Wagiriki. Mapokeo mengine yanamtaja Jason na Asclepius pia kuwa wanafunzi wake, na Asclepius ndiye aliyekuja kuwa mungu wa uganga. Tiba ya Wagiriki, kwa imani yao wenyewe, ilitoka mikononi mwa mwenye kwato.

Watetezi wa "nusu" husema: Chiron ni tofauti, hata nasaba yake ni nyingine. Kweli. Chiron ni mwana wa Kronos na Philyra. Wengine, kwa simulizi ya Pindar, wametokana na Ixion, binadamu aliyemtamani Hera, mke wa Zeus. Zeus alimfanyia ujanja akamuundia wingu lenye sura ya Hera. Ixion alilala na wingu, wingu likamzaa Kentauros, naye Kentauros akaenda kujamiiana na farasi majike kwenye miteremko ya mlima Pelion. Watoto waliozaliwa walifanana na mama zao chini na baba yao juu. Lakini utetezi huo haumfikishi mtu mbali, kwa sababu yuko Pholos, ambaye si ndugu ya Chiron na bado ni mwenyeji mwema. Apollodorus anasimulia kwamba alipomkaribisha Heracles alimchomea mgeni nyama, yeye mwenyewe akala yake mbichi. Ni adabu ya hali ya juu, hiyo. Anajua mgeni wake anakula nini, na halazimishi chake.

Kitu kinachowaunganisha wema na waovu miongoni mwao ni mdomo. Mlinganishe sentauri na Minotaur, mwenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali. Minotaur hasemi. Anakula, anauawa, basi. Sentauri ana kichwa cha mtu, kwa hiyo ana ulimi, na mwenye ulimi anaweza kufundisha na anaweza kudanganya. Nessus, aliyekuwa akivusha wasafiri mtoni, alimshika Deianira, mke wa Heracles, katikati ya maji. Heracles akamtwanga mshale. Katika tamthilia ya Sophocles tunaelezwa alichofanya Nessus akikata roho: alimwambia Deianira aichukue damu ya kidonda chake aitunze, kwamba itakuwa dawa ya kumzuia mumewe asipende mwanamke mwingine. Limbwata, kwa neno letu. Au kamuti, kama wengi watakavyosema hapa Kenya. Miaka ikapita, Deianira akaingiwa na wivu, akaipaka damu ile kwenye vazi la mumewe. Ilikuwa na sumu ya mshale wa Heracles mwenyewe. Nguvu za farasi hazikumsaidia Nessus kumshinda Heracles. Maneno machache yaliweza. Sasa niambie, ni upande gani wa sentauri uliomuua Heracles, wa mtu au wa farasi?

Hapa ndipo tunapofika kwenye harusi, kisa kinachojulikana kuliko vyote. Peirithous, mfalme wa Walapithi, anaoa. Anawaalika sentauri. Wanalewa, mmoja wao anamkamata bibi harusi, vita vinazuka. Kisa hiki kilichongwa kwenye hekalu la Zeus kule Olympia, upande wa magharibi, chini ya paa, ambako Apollo amesimama katikati amenyoosha mkono huku sentauri mmoja akimng'ata kijana wa Kilapithi mkononi. Kilichongwa tena Athens, kwenye Parthenon, hekalu lililojengwa kati ya 447 na 432 KK, katika vibao vya mawe vya upande wa kusini. Ufafanuzi wa kawaida unasema: Waajemi waliichoma Akropoli mwaka 480 KK, kwa hiyo sentauri ni Waajemi, Walapithi ni Wagiriki, na kazi nzima inahusu ustaarabu kuushinda ushenzi.

Siupingi wote. Hasira ya moto ule ilikuwapo. Lakini nina mambo mawili na ufafanuzi huu, na la kwanza ni la lugha. Tunapoyatafsiri maelezo haya kwa Kiswahili tunatumia maneno mawili yenye mizigo yao. Ustaarabu, kwa asili ya neno, ni kuwa kama Mwarabu. Mshenzi ni jina ambalo watu wa pwani waliwabandika watu wa bara, kisha walowezi wakalichukua wakalitumia kwa kila Mwafrika aliyekuwa mbele yao. Mwanafunzi wa Kitui au Kakamega anayeandika kwenye mtihani kwamba sentauri "wanawakilisha ushenzi" ameshika upanga ambao juzi tu ulikuwa shingoni mwa babu ya babu yake. Nisemayo si kwamba amhurumie anayemkamata bibi harusi. Namtaka aulize nani amempa jina nani, kama Kleitias alivyowapa wale wa masizi na wa mwambani.

La pili ni kwamba mawe yenyewe hayakubaliani na ufafanuzi huo. Kwenye kibao kinachoitwa cha 28, sentauri ameinua kwato za mbele kwa shangwe, ngozi ya mnyama mkali imetanda mkononi mwake, na chini yake Mlapithi amelala chali, amekufa. Hapo nani mshindi? Kwenye cha 4, sentauri ameinua mtungi wa karamuni ampige nao adui aliyeanguka. (Mwili wa kibao hicho uko London, vichwa viwili viko Copenhagen, tangu Lefkandi sentauri hawajapumzika na kukatwa shingo.) Nyuso nazo hazilingani. Baadhi ni kama barakoa zilizokunjwa kwa hasira, hukumu imeshatolewa. Nyingine ni nyuso za wazee wenye fikra, ndevu zimetunzwa, na ukiziba sehemu ya chini kwa kiganja ungedhani ni mwanafalsafa. Bila shaka wachongaji walikuwa wengi na ustadi wao haukulingana. Lakini mimi siamini kwamba tofauti ya namna hiyo ni ya ustadi peke yake.

Na kuna habari moja ambayo mawe hayaisemi kabisa. Diodorus wa Sicily anasimulia kwamba kabla ya harusi kulikuwa na vita vingine. Sentauri walikuwa jamaa wa Peirithous, damu ya Ixion, wakadai sehemu yao ya ufalme wa baba. Peirithous akakataa. Wakapigana, kisha wakapatana, na mwaliko wa harusi ukaja baada ya upatanisho huo. Ukiijua habari hiyo, karamu ile inabadilika sura. Waliokaa mezani ni ndugu wa ukoo mmoja, kesi ya urithi haijapoa, na divai imemiminwa. Msomaji aliyewahi kuhudhuria mazishi au harusi ambako shamba halijagawanywa hahitaji maelezo yangu. Athens haikuichonga kesi. Ilichonga ulevi. Ndivyo mara nyingi mwenye hekalu husimulia.

Mgiriki mmoja, Mwathens, aliigeuza picha hii kichwa chini. Katika Cyropaedia ya Xenophon, Cyrus anataka kuanzisha kikosi cha farasi cha Waajemi, na mmoja wa watu wake, Chrysantas, anaunga mkono. Anasema akijifunza kupanda farasi atakuwa bora kuliko sentauri. Sentauri ana macho mawili na masikio mawili. Yeye na farasi wake watakuwa na manne na manne. Tena sentauri hawezi kula, kuvaa na kustarehe kama mtu, wala kama farasi, ilhali yeye atashuka. Atakuwa sentauri anayeweza kutenganishwa na kuunganishwa tena. Mwajemi, ambaye eti ndiye sentauri wa Parthenon, ndiye anayeona kwamba tatizo la sentauri ni pale palipoungwa.

Sasa yule niliyeahidi. Zeuxis alikuwa mchoraji mashuhuri wa mwishoni mwa karne ya 5 KK, na aliwahi kumchora sentauri wa kike, jambo ambalo lilikuwa adimu. Lucian, mwandishi wa karne ya 2 BK, aliona nakala yake Athens. Picha yenyewe, anasema, ilipakiwa na jemadari Sulla kupelekwa Italia, jahazi likazama karibu na rasi ya Malea. Zeuxis alipoionyesha kwa mara ya kwanza watu walishangilia, lakini alipowasikiliza akagundua kwamba wanashangilia ugeni wa mada tu: sentauri jike, jamani, nani amewahi kuona! Hakuna aliyesema lolote kuhusu rangi, vivuli wala vipimo. Akaudhika, akamwambia mwanafunzi wake Mikkion afunge picha waende zao nyumbani.

Lucian aliyaona waliyoyapita wale. Anasema uzuri mkubwa wa picha ulikuwa pale mwili wa mwanamke unapoungana na wa farasi. Hakuna mstari. Mmoja anaingia kwa mwingine polepole, na jicho linasafiri kutoka ngozi hadi manyoya bila kujua lilivuka lini. Amejilaza kwenye majani, kifua kimeinuka juu ya kiwiko, anawanyonyesha pacha. Mmoja ananyonya titi la mwanamke, mwingine yuko chini kwenye kiwele kama mtoto wa farasi. Juu yao baba ameinama akicheka, ameshika mtoto wa simba kwa mkono wa kulia, anawatishia watoto kwa mzaha.